Kutoka Mimbarini Hadi Serikalini: Maisha ya Tommy Douglas wa Saskatchewan



Tumeombwa tuseme neno juu ya swali ambalo haliishi kuulizwa vikaoni mwetu: je, mtumishi wa Mungu ana haki ya kuingia katika siasa, na akishaingia, ni nini kitakachomzuia asigeuke akafanana na wale wale aliokuwa akiwakemea mimbarini? Sisi tumesomea sheria, hatukusomea theolojia. Wakili akiulizwa swali gumu hutafuta kesi iliyokwisha kuamuliwa. Basi nasi tumewaletea kesi moja, ya mtu aliyeishi mbali nasi katika nchi ya baridi kali, lakini ambaye mambo yaliyompata hayatakuwa mageni masikioni mwenu.

Jina lake Thomas Clement Douglas, na watu walimwita Tommy. Hakupata kuwa waziri mkuu wa Kanada. Aliongoza jimbo moja tu, Saskatchewan, jimbo la tambarare na wakulima wa ngano, kwa muda wa miaka 17, tangu 1944 hadi 1961. Yafaa tukumbushane kwamba Kanada ni shirikisho. Kila jimbo lina bunge lake na waziri mkuu wake, na kwa mujibu wa katiba yao, hospitali ni shauri la jimbo, wala si la serikali ya taifa iliyoko Ottawa. Ndiyo maana mwanasiasa wa jimbo maskini aliweza kutenda jambo ambalo wakuu wa taifa hawakuwa wamelithubutu.

Douglas alizaliwa Falkirk, Uskoti, tarehe 20 Oktoba 1904, baba yake akiwa fundi wa kiwanda cha chuma. Akiwa bado mtoto alianguka akaumia goti, na jeraha likaingia katika mfupa. Jamaa yake ilipohamia Winnipeg, Kanada, ugonjwa ulimrudia. Wazazi hawakuwa na fedha za kumwita daktari bingwa, kwa hiyo kijana akalazwa katika wadi ya wasiojiweza, na madaktari wakaamua kwamba mguu ukatwe. Kwa bahati, daktari mmoja bingwa wa mifupa alikuwa akipita na wanafunzi wake. Akauona mguu ule, akavutiwa nao, akawaambia wazazi kwamba angemtibu mtoto bure iwapo wangekubali wanafunzi watazame na kujifunza. Wakakubali. Mguu ukapona.

Nyinyi mnaoandaa harambee za bili za hospitali mnajua furaha ya nyumba ile. Lakini Douglas alipokuwa mtu mzima hakuishia kwenye shukrani. Alimheshimu daktari yule hadi mwisho, ila aliuliza: na mtoto ambaye bingwa hakupita karibu na kitanda chake? Aliona kuwa si haki mguu wa mtoto, au uhai wake, utegemee uwezo wa baba yake wa kupata fedha. Tafadhalini mlishike swali hilo, kwa maana yote aliyoyatenda baadaye katika afya yalichipuka hapo.

Jambo la pili lililomlea ni risasi. Mwaka 1919 wafanyakazi wa Winnipeg waligoma, mji mzima ukasimama. Tarehe 21 Juni, Douglas, kijana wa miaka 14, alipanda juu ya paa la nyumba pamoja na rafiki yake, na kutoka huko akawaona polisi waliopanda farasi wakiuingilia umati na kufyatua risasi. Watu wawili waliuawa. Miongoni mwa waliokamatwa baadaye alikuwamo J. S. Woodsworth, aliyekuwa mchungaji wa Kimethodisti na ambaye jamaa ya Douglas ilimfahamu kwa kazi yake kati ya maskini wa mji. Alishtakiwa kwa uchochezi. Na hapa mtuwie radhi tukitabasamu kidogo kama mawakili: miongoni mwa maneno ya uchochezi yaliyoandikwa katika hati ya mashtaka, yalikuwamo maneno ya nabii Isaya. Mwendesha mashtaka alikuwa amemshtaki nabii bila kujua. Shauri hilo liliachwa, na Woodsworth aliishia kuwa mbunge.

Douglas alifanya kazi ya uchapaji, akapigana ndondi hadi akawa bingwa wa uzani mwepesi wa Manitoba, kisha akaenda Chuo cha Brandon kusomea uchungaji wa Kibatisti. Mwaka 1930 alipewa kanisa katika mji mdogo wa Weyburn, kusini mwa Saskatchewan. Hakuna wakati mbaya zaidi ambao angeweza kuuchagua. Bei ya ngano ilikuwa imeanguka duniani kote, mvua zikakataa, udongo ukapeperushwa na upepo hata mchana ukawa giza. Wakulima waliokuwa na mashamba makubwa wakawa wanapanga foleni ya chakula. Kanisa lake likakusanya nguo na vyakula na kuvigawa. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyowazika watu waliokufa kwa kuwa hakukuwa na daktari karibu wala fedha za kumwita, wakiwamo vijana walioacha wajane na watoto wadogo. Mwaka 1931 wachimba makaa ya mawe wa Estevan, mji ulio jirani, waligoma na kuandamana, na polisi wakawaua watatu. Kutoka hapo mahubiri ya Douglas yalibadilika, na baadhi ya waumini wakanung'unika kwamba mchungaji analeta siasa kanisani.

Mwaka 1932, huko Calgary, wakulima, wafanyakazi na wasomi waliunda chama kipya kilichojulikana kwa kifupi kama CCF, na Woodsworth akawa kiongozi wake. Douglas alijiunga nacho. Aligombea kiti cha bunge la jimbo mwaka 1934, akashindwa. Baadaye alikiri kwamba alihutubia kama mwalimu darasani, watu wakampigia makofi ya heshima na kura wakampa mwingine. Alidhani ameyamaliza ya siasa. Ndipo afisa mmoja wa kanisa lake alipomwonya kwamba akigombea tena asitarajie kupata kanisa jingine. Kwa mujibu wa Douglas mwenyewe, onyo hilo ndilo lililomfanya agombee. Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa mbunge wa Weyburn katika bunge la taifa, na akakaa Ottawa miaka 9.

Hatusemi haya ili tuwafundishe wachungaji ukaidi. Tunasema kwa sababu wengi hufikiri kuwa mtu wa namna hii hupanda ngazi kwa baraka za kila mtu.

Wala hakuwa malaika. Mwaka 1933, akitafuta shahada ya uzamili, aliandika tasnifu iliyopendekeza kwamba watu aliowahesabu kuwa dhaifu wa akili au wa mwenendo wazuiwe kuzaa. Ni maandishi ya kuhuzunisha, hasa yakitoka katika kalamu ya mhubiri aliyewapenda maskini. Wasomi wengi wa wakati huo walikuwa na fikira hizo hizo, lakini jambo hilo halimwondolei lawama. Mwaka 1936 alisafiri Ulaya akaiona Ujerumani ya Hitler kwa macho yake. Aliporudi hakuzitaja tena fikira zile, na alipokuwa na madaraka ya kuzitekeleza, washauri wakimpendekezea, alizikataa. Tunalitaja hili kwa kuwa katika harakati zetu kuna desturi ya kuwapaka mashujaa chokaa nyeupe, halafu adui akikwangua kidogo watu huvunjika moyo.

Katika vita vya pili vya dunia alijiandikisha jeshini, naye alitaka kwenda na kikosi kilichopelekwa Hong Kong. Daktari alipoukagua mguu ule wa zamani akamzuia. Kikosi hicho kilitekwa na Wajapani mwezi Desemba 1941.

Kitu alichowaachia wasikilizaji wake wa miaka hiyo ni hekaya moja aliyoipata kwa mbunge mwenzake, Clarence Gillis, akaieneza nchi nzima. Panya walikuwa na nchi yao, na kila baada ya miaka michache walipiga kura na kuchagua serikali ya paka. Paka weusi walitunga sheria nzuri, nzuri kwa paka. Panya walipochoka wakawaondoa weusi na kuwachagua paka weupe, na maisha yakazidi kuwa magumu. Wakajaribu paka wa madoadoa. Hatimaye panya mmoja mdogo akauliza kwa nini panya wasichague panya. Wenzake wakamwita mkomunisti, wakamtia gerezani. Hatuna la kuongeza juu ya hekaya hiyo.

Sasa tufike mahali ambapo sisi watu wa sheria hupenda kukaa, nanyi mtatuvumilia.

Bunge la jimbo la Saskatchewan lilichaguliwa Juni 1938, kwa muda wa miaka 5. Ulipofika mwaka 1943, chama kilichotawala, cha Liberal, kikijua kwamba upepo umegeuka, kilitumia wingi wake bungeni kupitisha sheria ya kujiongezea mwaka mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa vita. Wananchi wakangoja. Uchaguzi ulipofanyika hatimaye tarehe 15 Juni 1944, CCF ikiongozwa na Douglas ilipata viti 47 kati ya 52. Ikawa serikali ya kwanza ya kisoshalisti katika Amerika Kaskazini.

Fikirini juu ya mtu aliyeshinda kwa kiasi hicho. Anao wingi wa kupitisha lolote. Wapinzani wake wamebaki wachache kama vidole vya mkono, na mfano wa kujiongezea muda umewekwa na hao hao waliomtangulia. Mwaka 1947 serikali yake ilipitisha Sheria ya Haki, iliyoandikwa na wakili kijana, Morris Shumiatcher. Ilikuja mwaka mmoja kabla ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Sheria hiyo ilitamka uhuru wa dhamiri, wa kusema, wa kukusanyika na wa kuunda vyama. Ilikataza mtu kukamatwa na kufungwa kiholela. Ilikataza ubaguzi wa rangi na dini katika kazi, nyumba, elimu na biashara. Na ndani yake kulikuwa na kifungu kilichompa kila mpiga kura haki ya kudai kwamba bunge lolote lisizidi miaka 5. Yaani kosa walilotendewa wao mwaka 1943, walihakikisha kuwa ni kosa kwao pia.

Ilikuwa na upungufu. Adhabu zake zilikuwa faini ndogo, na ni mashauri machache tu yaliyofikishwa mahakamani. Kadhalika ilikuwa sheria ya kawaida, ambayo bunge la baadaye lingeweza kuifuta. Tena wenyeji asilia wa nchi, waliosajiliwa chini ya sheria ya Wahindi Wekundu, hawakupewa kura ya jimbo hadi mwaka 1960, jambo ambalo ni doa katika sifa za serikali iliyotangaza haki kwa wote mapema hivyo. Hata hivyo twasema kwamba kipimo cha mwanamageuzi si madai anayoyatoa akiwa upinzani. Ni vifungu anavyovitunga akiwa na viti 47.

Katika mambo ya uchumi alifaulu na kukosea. Umeme ulifikishwa kwenye makumi ya maelfu ya mashamba, na bima ya magari ikawa mali ya umma. Lakini kiwanda cha viatu na kile cha nguo za sufu, vilivyoanzishwa na serikali, vilikula hasara vikafungwa. Baada ya hapo waziri wake wa fedha, Clarence Fines, alishika mkoba kwa nguvu. Douglas aliwaambia wenzake kwamba serikali iliyo mateka wa wenye benki haina uhuru wa kutekeleza ahadi. Ndiyo sababu alilipa madeni kwanza, na jambo alilolitamani kuliko yote akalichelewesha.

Jambo hilo lilikuwa matibabu. Alipoingia serikalini alijipa mwenyewe wizara ya afya, akamwalika mwanahistoria wa tiba Henry Sigerist kuchunguza hali ya jimbo. Tangu 1945 wazee wa pensheni na wajane wenye watoto wakaanza kutibiwa bila malipo. Mwaka 1946 wilaya ya Swift Current ikawa shamba la majaribio la bima kamili ya matibabu. Tarehe 1 Januari 1947 bima ya hospitali ikaanza kwa jimbo zima, kila mtu akilipa dola 5 kwa mwaka, na jamaa nzima isizidi dola 30. Miaka kumi baadaye, 1957, bunge la taifa likapitisha sheria ya kusaidia majimbo yote kufanya vivyo hivyo. Mwone mwendo wake: wilaya moja, kisha jimbo, kisha nchi.

Ilibaki ada ya daktari. Douglas aliitangaza nia yake mwishoni mwa mwaka 1959, na uchaguzi wa Juni 1960 ukapiganwa juu ya suala hilo. Chama cha madaktari kilichangisha fedha, kikaeneza vijitabu na matangazo ya kuwatisha watu. Wananchi wakairudisha CCF. Sheria ilipitishwa Novemba 1961, lakini Douglas mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka siku chache kabla, kwa kuwa alichaguliwa kuongoza chama kipya cha taifa, NDP. Aliyeachiwa mzigo ni Woodrow Lloyd, mwalimu mpole aliyekuwa waziri wake. Historia imemsahau Lloyd mno. Ni rahisi kuanzisha moto wa haki ukaenda kuhutubia kwingine, na ni vigumu kubaki nao ndani ya nyumba.

Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1962, na siku hiyo hiyo madaktari wengi wa jimbo walifunga ofisi zao. Walibakiza huduma ya dharura katika hospitali chache. Mtoto mchanga mmoja alifariki siku ile ya kwanza, wazazi wake wakiendesha gari mji hadi mji kumtafuta daktari. Serikali iliwaleta madaktari kutoka Uingereza. Wananchi, wengi wao wakiwa wakulima wa vyama vya ushirika, walichanga wakafungua zahanati zao wenyewe. Upande wa pili, kamati za kuwatetea madaktari ziliitisha mkutano mkubwa mbele ya bunge la Regina tarehe 11 Julai. Waliotarajiwa walikuwa makumi ya maelfu. Waliofika walikuwa kama 4,000. Tarehe 23 Julai, baada ya siku 23, mkataba ulitiwa sahihi mjini Saskatoon kwa upatanishi wa Lord Taylor, daktari wa Kiingereza. Madaktari walibaki na uhuru wa kufanya kazi katika ofisi zao na kulipwa kwa kila huduma, nayo serikali ikabaki na kanuni yake kwamba kila mtu amefunikwa na bima.

Tusiwaite madaktari wale watu waovu. Wengi wao walikuwa wametibu wakulima katika miaka ya ukame bila kulipwa. Hofu yao ilikuwa kwamba wangegeuzwa makarani wa serikali. Mkataba uliwezekana kwa sababu kila upande ulikubali kwamba hofu ya mwenzake ilikuwa na msingi.

Na Douglas? Mwezi Juni 1962, majuma mawili kabla ya mgomo, uligombewa uchaguzi wa taifa. Yeye, kiongozi wa chama kizima, alisimama Regina, mji mkuu wa jimbo alilolitumikia miaka 17, akashindwa vibaya sana. Wapiga kura walikuwa wametiwa hofu na hasira. Hakudai kura ziliibwa, hakuenda kuishtaki mitaa. Mwaka huo huo alikwenda jimbo la British Columbia, akachaguliwa huko katika uchaguzi mdogo. Mwaka 1964 CCF nayo iliangushwa katika Saskatchewan, baada ya miaka 20. Chama cha Liberal, kilichopinga mpango ule, kikashika serikali. Kiliusimamia, hakikuufuta, kwa sababu kufikia hapo wananchi wasingekubali. Mwaka huo pia tume iliyoongozwa na jaji Emmett Hall, ambaye hakuwa msoshalisti, ilipendekeza mpango kama huo kwa Kanada nzima. Sheria ya taifa ilipitishwa 1966, na kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa yameingia.

Kuna siku moja zaidi ambayo hatuwezi kuiruka. Oktoba 1970 kundi la wanamapinduzi wa Quebec lilimteka mwanadiplomasia wa Uingereza na waziri mmoja wa jimbo hilo. Serikali ya Pierre Trudeau ilitangaza Sheria ya Hatua za Vita, na polisi wakapata uwezo wa kuwakamata watu na kuwaweka ndani bila kuwafikisha mahakamani. Waliokamatwa walikaribia 500, na wengi wao hawakupata kushtakiwa kwa lolote. Nchi ilikuwa imejaa hofu, hasa yule waziri alipokutwa ameuawa. Bungeni kura zilikuwa 190 za kuunga mkono na 16 za kupinga. Hao 16 walikuwa Douglas na wenzake wa NDP, na hata ndani ya chama chake wabunge wanne walimwacha. Alisema kwamba wahalifu wakamatwe kwa sheria zilizopo, na kwamba serikali imechukua nyundo kubwa ya kuvunjia mawe ili ipasue karanga. Alizomewa. Barua za matusi zilimfikia. Wenye umri wa makamo miongoni mwetu hawahitaji kuelezwa maana ya kizuizini. Miaka ilipopita, baadhi ya waliopiga kura ile ya ndiyo walikiri kuwa wamekosea.

Alistaafu ubunge mwaka 1979, akafariki Ottawa kwa saratani tarehe 24 Februari 1986. Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni ya taifa walipigiana kura kumtafuta Mkanada mkuu kuliko wote, wakamchagua yeye.

Mwaka uliofuata, mwandishi mmoja wa habari aliomba aonyeshwe jalada ambalo makachero wa polisi ya taifa walimfungulia Douglas. Ilibainika kwamba walimfuata tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wote alipokuwa mbunge, waziri mkuu wa jimbo na kiongozi wa chama. Waliandika alikohutubia, aliokutana nao na aliyoyasema. Jalada lilizidi kurasa 1,000. Zilipotolewa kwa mara ya kwanza, nyingi zilikuwa zimefutwa kwa wino mweusi. Mwandishi yule akaenda mahakamani kuzidai zilizobaki, na mawakili wa serikali wakasimama kumjibu kwamba kuzitoa kungehatarisha usalama wa taifa. Mchungaji wa Weyburn alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 20.